MTAALAMU WA WANYAMAPORI NA ARDHI YA HIFADHI: KAZI YAKE NI IPI, NA CHAMA CHA USHIRIKA KINAHUSIKA VIPI?

Mwanachama wa Wingwi arudipo shambani wakati wa magharibi, huenda akamkuta mtumishi wa misitu amesimama chini ya mti mkubwa, daftari mkononi, akihesabu popo wanaoruka kwenda kutafuta chakula. Mwanachama huyo hujiuliza: popo hula maembe, mkulima hulinda maembe, na huyu hulipwa kwa kuhesabu popo; kuna maslahi gani hapo kwa mwenye shamba? Swali hilo ni la haki, nalo husikika katika mikutano ya vyama vilivyo karibu na misitu na mikoko. Makala haya yanaeleza kazi ya mtaalamu wa wanyamapori katika ardhi ya hifadhi, sababu za kazi hiyo, na mahali ambapo chama cha ushirika kinapaswa kuingia.

MAANA YA MAKAAZI YA WANYAMA

Wengi hudhani kwamba mtaalamu wa wanyamapori hushughulika na mnyama mwenyewe. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yake ni kushughulikia makaazi ya mnyama, yaani mahali panapompa mambo manne: chakula, maji, pa kujificha na pa kuzalia. Mambo hayo manne yakiwapo, mnyama huongezeka bila ya kulishwa na mtu. Moja likikosekana, hupungua hata kama hakuna anayemwinda.

Mwanachama wa ushirika ataelewa vizuri akifikiri juu ya mtaji. Chama kinachogawa faida ya mwaka na kuacha mtaji mahali pake huendelea. Chama kinachogawa mtaji wenyewe huonekana tajiri kwa msimu mmoja, kisha hufungwa. Msitu, mikoko na vichaka vya maweni ni mtaji. Kuni, fito, boriti, asali, samaki wanaokulia katika mizizi ya mikoko, na mbegu zinazoenezwa na ndege na popo, hivyo vyote ni faida ya mtaji huo. Mtaalamu ni mfano wa mkaguzi wa hesabu: hutazama kama kinachotolewa kila mwaka ni faida au ni mtaji unaoliwa.

KISIWA KIDOGO, WATU WENGI

Katika nchi yenye mbuga kubwa kama Serengeti, mtaalamu anaweza kufanya kazi mwendo wa siku nyingi bila ya kuona shamba la mtu. Pemba haiko hivyo. Kisiwa chote hakifikii kilomita za mraba 1,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya wakaazi 540,000. Kwa wastani, kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 500. Hakuna mnyama wa Pemba anayeweza kuishi mbali na binadamu.

Msitu mkubwa wa asili uliobakia ni Ngezi, upande wa kaskazini magharibi, wenye hekta zipatazo 1,400. Huko, na katika sehemu nyingine za kisiwa, wanaishi viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani: ndege wa aina nne, miongoni mwao bundi wa Pemba na njiwa wa kijani wa Pemba, pamoja na popo wa Pemba. Upande wa mashariki, ambako ndiko kwenye sehemu za Wilaya ya Micheweni, zikiwamo za Wingwi, ardhi nyingi ni ya mawe yenye udongo haba, na mimea yake ni vichaka vya maweni na mikoko ya ghuba. Ardhi hiyo haistawishi mikarafuu kama ya magharibi, na kwa sababu hiyo watu wake hutegemea zaidi kuni, makaa, chokaa, uvuvi na mwani. Ni dhahiri kwamba amri ya kuzuia ukataji huwa nzito zaidi kwa mtu wa mashariki kuliko kwa mwenye shamba la karafuu. Mtaalamu asiyelifahamu jambo hili hataifanya kazi yake vizuri, hata awe na elimu ya namna gani.

MFANO WA POPO WA PEMBA

Popo wa Pemba ni mkubwa. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia urefu wa mtu mzima, naye hula matunda, maua na majani. Aliandikwa katika elimu ya viumbe mwaka 1909 na Paul Matschie, aliyempa jina la Alfred Voeltzkow, mtaalamu wa Kijerumani aliyesafiri katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Jamaa zake wako Madagascar, Komoro, Mafia na Asia. Katika bara la Afrika lenyewe hawapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba popo hawa wangekwisha. Miti mikubwa waliyolala ilikuwa imekatwa, nao waliwindwa kwa nyavu na kwa bunduki. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulikuta popo wapatao 5,000 katika kisiwa chote. Mwaka 1996 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Asili uliwaweka katika daraja ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ili kuelewa uzito wa idadi hiyo, yafaa kujua kwamba popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Tuseme kundi lina popo 100, na nusu yao ni majike. Hata wote wakizaa, na hata watoto wote wakiishi, nyongeza ya mwaka haitazidi 50. Mwindaji mmoja akichukua 40 kwa usiku mmoja, amekwisha kula karibu faida yote ya mwaka. Akirudi usiku wa pili, anakula mtaji.

Wataalamu walipotafuta mahali popo walipobakia waligundua jambo muhimu. Baadhi yao walikuwa Ngezi, katika hifadhi ya Serikali. Wengine walikuwa nje ya mpaka wa hifadhi kabisa: katika mikoko, katika vipande vidogo vya msitu kati ya mashamba, na katika makaburi ya zamani ambako miti haikukatwa kwa heshima ya waliozikwa. Heshima ya wazee kwa maziko ndiyo iliyowahifadhi popo hao, wakati ambapo hapakuwa na sheria wala askari wa kuwalinda. Hivyo ilikuwa wazi kwamba kuweka ulinzi Ngezi peke yake kusingetosha.

Idara ya misitu, kwa msaada wa shirika la Fauna & Flora International, ilikwenda vijijini. Wananchi walielezwa, wanafunzi wa skuli walifundishwa, na vikundi vya kulinda mahali pa kulala popo vikaundwa. Kidike ni mfano unaojulikana: wanakijiji hulinda kundi lao, huwapokea wageni wanaokuja kulitazama, na kiingilio hubakia kwa jumuiya. Hesabu zilizofanywa baadaye, katika miaka ya 2000, zilionyesha popo zaidi ya 20,000. Popo wa Pemba ameondolewa katika daraja ya hatari kubwa kabisa, ingawa bado yumo katika orodha ya viumbe wanaohitaji uangalizi. Ni nadra sana duniani kiumbe aliyekaribia kutoweka kurudi kwa wingi kama huo katika muda mfupi, na waliofanya kazi kubwa ni wananchi waliokubali kuacha miti isimame.

KAZI ZA MTAALAMU KATIKA MWAKA

Kazi za mtaalamu zinaweza kugawanywa katika mafungu manne.

1. Kuhesabu. Popo huhesabiwa wakilala mchana, au jioni wanapoondoka. Wahesabu huwa zaidi ya mmoja, kila mmoja huandika hesabu yake peke yake, kisha wastani hutafutwa. Mahali pale pale huhesabiwa tena mwaka unaofuata, katika miezi ile ile, kwa njia ile ile. Hesabu ya siku moja haielezi kitu; thamani yake huonekana ikiwekwa kando ya hesabu ya miaka iliyotangulia, kama salio la kitabu cha fedha.

2. Kupima mimea. Viwanja vidogo hupimwa msituni na kuwekwa alama. Kila mti uliomo huandikwa jina, na unene wa shina lake hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Visiki vipya pia huhesabiwa. Baada ya miaka michache mtaalamu anaweza kusema kwa ushahidi kama miti ya boriti inaongezeka, au kama imebakia ya fito tu. Msitu unaweza kuonekana wa kijani kwa mbali na huku miti mikubwa yenye matundu, ambamo bundi huzalia, imekwisha.

3. Kutengeneza makaazi. Kazi hii ni pamoja na kufyeka njia za kuzuia moto, kuondoa mimea ya kigeni inayosonga miche ya asili, kufunga njia zisizo za lazima, na kupanda pale ambapo msitu hauwezi kujirudisha wenyewe. Upandaji wa mikoko huhitaji maarifa zaidi ya juhudi. Mlilana huvumilia kukabili bahari. Mkoko hukaa nyuma yake, penye tope jingi. Mkandaa hupenda juu zaidi, ambako maji hayafiki kila siku. Na mchu huweza kuonekana pembezoni mwa bahari na tena upande wa nchi kavu. Kikundi kinachochomeka mikoko mahali pa milalana hupoteza miche na nguvu za watu, na mwaka wa pili huwa vigumu kuwaita wanachama tena. Tena, mahali ambapo mbegu bado zinafika na maji yanapita, mara nyingi dawa iliyo bora ni kuacha kukata na kusubiri.

4. Kupima malalamiko. Hii ndiyo kazi inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayomgusa mwanachama. Mfano mzuri umetoka Unguja, karibu na Jozani, ambako wakulima walilalamika kwamba kima punju wanakula nazi changa na kuharibu mavuno. Thomas Struhsaker na Kirstin Siex walihesabu nazi katika minazi na kutangaza matokeo mwaka 1999: minazi iliyotembelewa na kima haikutoa nazi pungufu, kwa sababu mnazi huangusha wenyewe nazi nyingi changa usizoweza kuzikomaza. Kipimo hicho kiliondoa shaka moja. Hata hivyo wakulima walikuwa na madai ya mazao mengine pia, na haki yao ya kusikilizwa haikuondoka. Ni kwa sababu hiyo mgao wa fedha za wageni wa Jozani kwa vijiji vya jirani ulikuwa jambo la haki.

Huko Pemba pia malalamiko juu ya tumbili na popo yanastahili kupimwa kwa namna hiyo hiyo. Popo hupendelea tunda lililoiva, na embe la kupelekwa mbali huchumwa kabla ya kuiva kabisa. Kwa hiyo hasara ya mkulima mmoja inaweza kuwa ndogo na ya mwingine ikawa kubwa, kwa kutegemea aina ya mwembe na wakati wa kuchuma. Mtaalamu anayemwambia mkulima kwamba hakuna hasara, bila ya kupima, hutenda kosa sawa na mkulima anayesema kwamba mavuno yote yameliwa.

GHARAMA NA FAIDA ZIWE ZA NANI?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Faida ya hifadhi huenea kwa wengi: mvua, samaki, mbegu, wageni, na heshima ya nchi. Gharama yake huwaangukia wachache: mwanamke anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni, mchoma makaa aliyezuiwa, mwenye mwembe. Hifadhi isiyoliangalia hilo hudumu kwa muda ambao askari wapo.

Sheria ya Usimamizi na Hifadhi ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, ilifungua njia ya wananchi kutia saini makubaliano na idara ya misitu, ili jumuiya isimamie msitu wa eneo lake kwa masharti yaliyoandikwa: sehemu gani ifungwe kabisa, sehemu gani itumike, nani aruhusiwe, na atakayevunja afanywe nini. Tangu mwaka 2010 mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, uliotekelezwa kwa ushirikiano na shirika la CARE na kwa fedha za Norway, ulieneza makubaliano ya namna hiyo katika shehia nyingi za Unguja na Pemba. Wananchi walitarajia malipo kutokana na mauzo ya hewa ya kaboni. Malipo hayo hayakupatikana kama yalivyotarajiwa, na baadhi ya watu waliokuwa wamevumilia walivunjika moyo.

Fundisho la kwanza ni kwamba faida isiahidiwe kabla haijawa mkononi. Chama chochote cha ushirika kilichopata kuahidiwa bei nzuri, kisha soko likaanguka, kinalijua fundisho hili. Fundisho la pili ni juu ya kuhama kwa ukataji. Shehia moja ikifunga msitu wake, na watu bado wanahitaji kuni zile zile, panga huhamia msitu wa shehia ya jirani. Kwa hesabu ya shehia ya kwanza kazi imefaulu. Kwa hesabu ya kisiwa hakuna kilichookolewa. Dawa ya hilo haimo ndani ya shehia moja, bali ni mapatano ya majirani, pamoja na kuotesha kuni mahali pengine kabla ya kufunga msitu.

MAMBO YANAYOVIHUSU VYAMA

Chama cha ushirika kina vitu ambavyo mtaalamu hana: daftari la wanachama, mkutano mkuu, kamati iliyochaguliwa, na imani ya watu. Makatibu na kamati wanaweza kusaidia kwa mambo yafuatayo:

(a) Katibu afungue daftari la hasara za mazao. Liandikwe tarehe, shamba, zao, mnyama aliyeonekana, na hasara kwa kilo au kwa idadi ya matunda. Neno “nyingi” lisiandikwe mahali pa idadi. Daftari la misimu miwili lina nguvu kuliko malalamiko ya miaka kumi yasiyoandikwa.

(b) Makubaliano ya msitu yasomwe kifungu kwa kifungu katika mkutano mkuu, mbele ya sheha na ofisa wa misitu, kabla ya kutiwa saini, na nakala moja ibakie katika ofisi ya chama.

(c) Mtaalamu anayepima au kuhesabu katika eneo la wanachama aombwe arudishe matokeo kwao kwa Kiswahili, yakiwa na ramani. Hesabu iliyofanywa shambani mwa watu, kisha ikaondoka bila ya kurudi, haijawafaa watu hao.

(d) Vijana wa chama wafundishwe kuhesabu na kupima. Wanaojua kila mti wa eneo lao hujifunza haraka, na hesabu itaendelea hata mradi ukimalizika. Kwa kijana atakaye kuifanya kuwa kazi yake ya maisha, Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, mkoani Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1963.

(e) Vyama vya shehia jirani vikutane angalau mara moja kwa mwaka, ili kufunga na kufungua maeneo ya kukata kwa zamu na kwa pamoja.

(f) Mapato yoyote ya hifadhi, hata yakiwa kiingilio cha wageni wachache, yaingizwe katika vitabu na yakaguliwe kama mapato ya karafuu au ya mwani. Walioathirika zaidi ndio wafikiriwe kwanza katika mgao.

Mtaalamu huja na kuondoka. Huhamishwa, hustaafu, na mradi wake huisha. Mikoko ya ghuba, vichaka vya maweni na miti ya makaburini hubakia na watu wa mahali pale pale. Popo wa Pemba walinusurika kwa sababu elimu ya mtaalamu ilikutana na uamuzi wa wanavijiji. Wingwi na shehia zote za Micheweni zina ardhi, zina watu, na zina vyama. Kamati ya chama ambayo bado haina daftari la hasara wala nakala ya makubaliano ya msitu wake ingefaa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao.